Maua Manne ya Kofia

Mwanangu, ipo Jumapili moja haijanitoka moyoni mpaka leo. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Harrow, huko London, na kazi yangu ilikuwa kuiandikia kompyuta amri za kuchora: weka kalamu hapa, vuta mstari, pinda, rudi ulipoanzia ufunge. Nikitoka kazini sina wa kusema naye. Kiswahili nilikuwa nakisema peke yangu jikoni, usinicheke.

Bi Mwanakombo, mjane wa Kiunguja wa mtaa wa pili, alinisikia dukani nikiinung'unikia mihogo. Alikuwa na kofia ya marehemu mumewe, aliyomshonea kwa mkono wake, imechakaa. Akataka nimchoree maua yake, apate kushona nyingine kama ile. Basi kila Jumapili akaja na bakuli la mbaazi za nazi, akakaa kando yangu, akielekeza kwa kidole. "Hapa inua sindano. Hapa pinda, taratibu, hukimbizwi!" Nami naandika. Ua moja tu kwa siku, maana kila ua lilikuwa na hadithi zake, na akirudi kwake analishona.

Baada ya maua manne nikajitia ujanja. Si yanafanana? Nikaiamuru kompyuta ilirudie ua moja kuzunguka kofia nzima. Dakika kumi, kazi kwisha! Nikamtumia kwenye simu, nikangoja sifa.

Akanipigia. "Ahsante, mwanangu. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivi, nami nakusumbua Jumapili zote."

"Hukunisumbua, Bi," nikasema, nikaishia hapo. Sikumwambia njoo. Niliona haya, mwanamume mzima kukiri upweke.

Jumapili iliyofuata niliosha vikombe viwili. Hakuja. Baadaye nikasikia amehamia kwa bintiye, Thornton Heath, ng'ambo ya pili ya London. Namba yake ninayo, kila siku najiambia nitapiga kesho. Siku niliyopiga akapokea binti, akaniambia mama tumeshamzika. Nikaulizia ile kofia mpya. Akasema ipo, ina maua manne tu.

Nililia, mwanangu, sikufichi.

Kazi inayokuletea mtu mlangoni usiifanyie haraka. Na ukiwa mpweke sema, hata kwa hicho Kiingereza chako unachonijibia. Mungu akujaalie mtu wa kukaa kando yako, na akupe ulimi wa kumwambia njoo.