Mstari Nyuma ya Orest Hnatiuk

Mpaka anaingia kaburini, Orest Hnatiuk hakuvuka kizingiti cha mlango wowote hapa Fort Callis, Kanada, uwe wa benki, wa kinyozi au wa kanisa, bila mtu kumpigia kelele, "Orest, angalia mstari nyuma yako!" Na wengine lazima wacheke. Yeye naye aliinua mguu juu kama mtu anayeruka dimbwi, kisha akacheka pamoja nao. Watu walisema ana moyo mzuri. Alikuwa amechoka tu, na watu wa mji huu hawana adabu.

Alizaliwa shambani, kaskazini ya mji, kwa wazazi waliolima ngano na kusali Kiukraini. Darasani hakutisha. Mikono yake ndiyo ilikuwa ya ajabu: kitu kikitua humo hakitoki. Wavunaji, timu yetu ya mpira wa Kanada, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi, walimchukua akiwa hajaanza hata kunyoa vizuri, wakampa kazi ya kusimama nyuma kabisa, peke yake, kupokea mipira inayopigwa na adui. Ni kazi ya upweke. Mpira unashuka kutoka mbinguni, upepo wa nyika unauchezea huku na huku, na wakati wewe umekodoa macho juu, majitu yanakujia mbio kukuvunja mbavu. Majira ya baridi, ligi ikifungwa, Orest alibeba magunia kwenye ghala la nafaka, maana mpira wetu haukuwahi kumshibisha mtu.

Lakini ulikuwa wetu. Uwanja mpana kuliko wa Wamarekani, mrefu kuliko wao, na kila upande una ukanda wa mwisho wa yadi ishirini, ambao ukisimama humo unajiona kama uko shambani kwako. Tunayo pia sheria ambayo Wamarekani wanaicheka mpaka leo. Mpira ukipigwa teke ukaingia ukanda wako, sharti uutoe: ukimbie nao au uupige urudi ulikotoka. Ukibanwa humo, au ukikanyaga nje kwa nyuma ukiwa nao mkononi, waliopiga wanapata pointi moja, hata kama walikuwa wamelenga katikati ya milingoti ya goli na wakakosa.

"Yaani nyie mnampa mtu pointi kwa kukosa?" Lamont Broussard aliuliza siku ya kwanza alipofika kwetu kutoka Louisiana. Alikuwa Mmarekani, kijana mwenye mbio, na Orest alimpa chumba chini ya nyumba yake akae.

"Kwa kukosa karibu," Orest akamjibu. "Kula kabeji yako."

Enzi hizo kila timu ya Kanada ilikuwa na sharti la kuchezesha wazaliwa wa nchi, karibu nusu ya kikosi. Waliobaki walitoka kwa Wamarekani, nasi tuliwaita wageni hata kama wamekaa nasi miaka kumi na kuoa dada zetu. Kisha wakubwa wa ligi wakaishiwa. Badala ya kufunga mkanda, wakaona dawa ni kuvuka mpaka na kuuza nafasi za timu kusini, kwenye miji ambayo haikuwahi kuuona mpira wetu hata kwenye ndoto. Na timu hizo za kusini hazikuwekewa lile sharti. Zilijaza watu wao tupu, wakubwa kama milango ya ghala, nasi tukaambiwa tushindane nazo. Ukilalamika unaambiwa una wivu.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Mwenye timu yetu, Wendell Gage, muuza viwanja na majumba, naye akaanza kuangalia kusini. Kuna mji wa Texas ulikuwa unamtaka yeye na timu yake nzima, jezi, helmeti na jina. Mji wetu ukaingiwa na kiwewe. Akina mama wakapika vyakula vya kuchangisha katika kumbi za makanisa, wakulima wakauza ndama wanunue tiketi za msimu. Gage akasimama katikati ya uwanja, mkono kifuani, akaahidi: "Nipeni mechi moja ya mtoano hapa nyumbani, majukwaa yajae, na timu haiendi kokote." Tulimshangilia mpaka koo zikakauka.

Mechi hiyo moja ikawa ndiyo roho ya mji. Ikafika mwisho wa msimu, imebaki mechi ya mwisho, ugenini, Port Delmont, Louisiana, dhidi ya timu iliyojiita Mamba. Hesabu ilikuwa nyepesi. Tukishinda au tukitoka sare, mtoano unachezwa Fort Callis na Wavunaji wanabaki. Tukishindwa, tumekwisha.

Wavunaji walifika siku moja kabla, wakaenda kupasha mwili moto uwanjani. Uwanja ule ulijengwa kwa mpira wa Kimarekani. Wetu ulilazimishwa kuingia humo kama mguu mpana ndani ya kiatu cha kuazima, na kwa upande mmoja ukanda wa mwisho ulikuwa umekatwa, mstari umechorwa karibu kabisa na ukuta wa zege.

Sasa, wapokeaji wetu wana desturi ya zamani. Ukifika uwanja mgeni, siku moja kabla, unasimama mbele ya ukanda na kutembea kinyumenyume mpaka mstari wa mwisho, unarudia na kurudia, mpaka miguu ijue bila kuuliza macho. Kwa sababu mpira ukiwa hewani, macho yana kazi nyingine. Orest mwenyewe ndiye aliyemfundisha Lamont desturi hiyo.

"Mzee, njoo uone kioja," Lamont akamwita. "Ukanda wote uko wapi? Ukijisahau kidogo tu, uko ukutani."

Orest alikuwa amekaa kwenye benchi, anafunga kamba za viatu, jasho linamtoka. Nyumbani theluji ilikuwa imeshaanguka, kule joto la mvuke. Hakuinuka.

"Mzee! Nimecheza hapa tangu niko shule. Twende tutembee kidogo."

"Broussard, juzijuzi tu ulikuwa hujui pointi moja ni mdudu gani. Leo unanifundisha kusimama?"

"Nakufundisha ukuta, mzee. Mpira sikuwezi."

"Ukanda ni yadi ishirini. Kama hawa ndugu zako wameshindwa kuupima, aibu ni yao. Mimi sitembei kinyumenyume kwenye sehemu ya kuegesha magari."

Wachezaji wenzake wakacheka. Lamont akatikisa kichwa, akaenda kutembea peke yake.

Orest hakuwa mtu wa majivuno. Aliyemjua atakwambia hivyo hivyo. Lakini msimu ule ulikuwa umemjaza nyongo. Kuutembea ukanda ule, kuuzoesha miguu, aliona ni sawa na kukiri kwamba uwanja uliokatwa nao ni uwanja, na kwamba mchezo wa baba zake unaweza kupunguzwa huku na kule kama suruali kwa fundi. Hilo hakuliweza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mechi ilikuwa ngumu. Wakatufunga, tukawafunga, muda ukaisha tuko sawa, ukaongezwa. Nao ukawa unaisha tuko sawa. Fort Callis nzima ilikuwa imekaa mbele ya televisheni, hata baa zilinyamaza. Mamba walipata nafasi ya mwisho, wakaamua kupiga milingoti kutoka mbali sana. Orest akarudi ukandani, upande ule ule uliokatwa, Lamont akasimama mbele yake kumkinga.

Mpira ukapita pembeni ya mlingoti. Walikosa! Na ukashuka ukatua mikononi mwa Orest, ukatulia humo. Kuudaka, aliudaka. Hakuna aliyewahi kusema hakuudaka.

Wawili walikuwa wanamjia. Kukimbia asingefika. Akaamua kuupiga urudi, kama alivyofanya nyumbani mara nyingi mbele ya macho yetu, na ili upate nafasi ya kuupiga, unarudi nyuma kidogo.

"Usirudi!" Lamont akapiga kelele. "Mzee, usirudi!"

Akarudi. Kisigino kikakanyaga nje ya mstari, mgongo ukagusa ukuta, na mpira ulikuwa bado mkononi. Mshika bendera akanyoosha mkono.

Pointi moja.

Uchungu mkubwa kuliko yote ni kwamba walioshinda hawakujua kama wameshinda. Watu wa Port Delmont walikaa majukwaani wanaulizana, si amekosa huyu? Ilibidi mtangazaji wa uwanja awaeleze sheria kwenye kipaza sauti, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Ndipo wakapiga makofi, nao wakaenda zao. Orest alikuwa bado amesimama pale pale, ameukumbatia mpira. Lamont ndiye aliyemfungua vidole.

Gage alizungumza redioni asubuhi yake. Sauti ya msiba kabisa. "Nilitoa ahadi, na ahadi ni ahadi," akasema. "Uwanja umeamua. Mashabiki wameona wenyewe kilichotokea." Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Kabla mwezi haujaisha malori yalikuja kuchukua jezi na helmeti. Wiki hiyo hiyo mtu, hatujui nani, alichora mstari mweupe kwenye saruji mbele ya nyumba ya Orest, mnene, kutoka ukingo hadi ukingo. Doreen, mkewe, alitoka na ndoo na brashi, analia kwa hasira.

"Uache," Orest akamwambia.

"Nauacha vipi? Wanatufanya vikaragosi, Orest!"

"Uache, mama. Safari hii nimeuona."

Theluji ikaufunika, theluji ikayeyuka, mstari ukawepo. Kila siku aliukanyaga akienda ghalani.

Ungedhani walau kule Texas timu ilistawi. Ilicheza msimu mmoja mbele ya viti vitupu, kwa sababu watu wa huko, vuli ikifika, Ijumaa ni ya wana wao wa shule na Jumamosi ni ya vyuo, na mgeni hana siku. Kisha ikafa. Na kwingine kote kusini biashara ile ilikufa vivyo hivyo. Ligi ikarudi kaskazini ya mpaka, mkia katikati ya miguu, ikasema mpira wa Kanada ni wa Wakanada. Walizunguka miji wakiomba radhi na kujenga upya. Kwetu hawakufika. Uwanja wetu ukabomolewa, sasa pale kuna duka la masinki na vigae. Lamont alirudi kwao kufundisha watoto mpira, na kila Krismasi alipiga simu.

"Mzee, ukuta bado upo," alikuwa akisema.

"Usalimie," Orest alikuwa akimjibu.

Miaka ikapita namna hiyo, utani ukizidi kuzeeka bila kufa. Watoto ambao hawakuwahi kuwaona Wavunaji waliurithi kwa baba zao. Mpaka ikafika vuli moja, chakula cha mavuno katika ukumbi wa kanisa, kabeji za kukunja na supu ya viazi vyekundu, watu wamebanana kwenye meza ndefu. Lorraine Desjarlais, aliyekuwa akiuza tiketi za timu na baadaye akamfanyia Gage kazi katika kampuni yake ya majengo, alikuja na sahani yake akakaa mkabala na Orest. Wiki hiyo Gage alikuwa amezikwa, kwa maua mengi.

"Orest, nina neno limenikaa kooni."

"Tema, dada. Au supu ndiyo mbaya?"

"Acha mzaha. Kabla hamjaenda Port Delmont, Gage aliniita ofisini. Akaniambia nisihangaike kuchapisha tiketi za mtoano. Malori yalikuwa yameshakodiwa. Alikuwa ameshauza, Orest. Mechi ile ilikuwa danganya toto."

Orest akaweka uma chini.

"Kwa hiyo ningeutoa ule mpira..."

"Angetafuta sababu nyingine. La kuvunda halina ubani. Mimi nilikuwa nakula kwake, sikuweza kusema. Nisamehe. Lakini sasa amekwenda, nasimama hapa hapa, kwenye kipaza sauti cha padre, na kila aliyekucheka atasikia."

Alikuwa ameshaanza kuinuka. Orest akamshika mkono, na mikono yake, nimekwisha kusema, haikuachia kitu.

"Kaa chini."

"Kwa nini? Umebebeshwa zigo la mtu!"

"Nilibeba mwenyewe." Uso ulikuwa umemwiva. "Huoni? Sasa hivi mimi ni mtu aliyepoteza mechi. Ukisema, hapatakuwa na mechi. Broussard aliyelia ndani ya ndege, akina mama waliopika humu ndani, watu waliouza ndama zao, wote tutakuwa wajinga tuliokuwa tunacheza peke yetu. Nilikanyaga nje, Lorraine. Angalau hilo lilikuwa la kweli. Usiniondolee."

"Wanakutukana, Orest."

"Wananitukana kwa sababu wanaamini ilikuwa muhimu."

Lorraine aliishika siri hiyo mpaka Orest alipozikwa, ndipo akatusimulia yote, na hakuna aliyejua pa kuweka macho. Siku ile ya chakula alikoroga tu supu yake hadi ikapoa. Orest akamaliza kabeji, akamshukuru mpishi, akachukua kofia na kwenda mlangoni. Kutoka meza ya nyuma kijana mmoja, mdomo umejaa, akapiga kelele, "Mzee Orest, angalia mstari nyuma yako!"

Orest akasimama kwenye kizingiti. Safari hii hakuinua mguu wala hakucheka. Aligeuka akatazama nyuma, akatazama kwa muda, sakafu na meza na sisi sote tulioketi, halafu akatoka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Lorraine.