Namba Mbili za Mwaija

Dada yangu Mwaija anauza asali Kirumba, huu mwaka wa kumi na nne, na ana kisukari. Watu wakimcheka anawajibu kwamba yeye anaiuza, haili.

Madumu yanatoka Misungwi, naye hushinda barazani akijaza chupa na kufutia mikono kwenye kanga. Safari hii mleta asali alimpa pia gundi ya nyuki, ile nyeusi chungu wanayozibia nyufa za mzinga, akamwambia inashusha sukari. Nilinuna, lakini Mwaija akishika jambo ameshika. Ili aone kazi ya gundi, akanunua mashine ya kupimia.

Hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Kliniki Jumanne asubuhi, sukari saba. Nyumbani jioni, akitoka kujaza chupa, kumi na nane. Kesho yake kumi na tisa. Akaongeza gundi, haikushuka. Akaacha kula usiku, haikushuka. Mama yetu alipofushwa na kisukari, na Mwaija aliogopa yasimpate hayo hayo. Basi akaanza kumeza vidonge vya kliniki mara mbili ya alivyoandikiwa, kimyakimya. Kunificha kule bado kunaniuma.

Wiki ya tatu nilimkuta barazani anatetemeka, jasho linamtiririka, ananiita mama. Nikampima, kumi na saba. Nikamkimbilia jirani yetu Paskazia, muuguzi, akaja akaiona ile namba.

"Mbona dalili ni za sukari kushuka?" aliuliza. Akamshika mkono, vidole vikamnata. Akaomba maji na sabuni, akaviosha, akavikausha, akapima upya. Mbili nukta sita.

"Mletee chai, tia sukari nyingi."

Nilisimama na kijiko, sijui niamini namba ipi. Miaka yote nimeambiwa sukari itamuua dada yangu, sasa naambiwa nimnyweshe.

"Tia," Paskazia alisema. "Atazimia."

Nikatia vijiko vinne, nikamshikia kikombe. Alikunywa, akatulia, akaanza kututambua. Akatueleza habari ya vidonge, macho chini.

"Na gundi, inasaidia?" Mwaija aliuliza.

"Sijui, dada," Paskazia alijibu. "Kwa namba hizi hakuna wa kujua."

Mwaija alitazama vidole vyake.

"Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa napima asali ya mikononi?"

"Ya mikononi, dada. Lakini vidonge ulivimeza kweli."