Sahani ya Mwalimu

Mlio wa kijiko changu kwenye sahani bado uko masikioni.

Leo wanafunzi wangu hapa Mgeta wamepika mboga za bustani ya shule. Karoti na kabichi, ambazo nyumbani kwao hupakiwa kwenye lori kwenda Dar, leo wamezila wenyewe!

Walizunguka sinia la ugali, wakisukumana na kucheka.

Mimi nikatengewa na mpishi wa shule sahani yangu ofisini. Peke yangu, jamani, na vicheko navisikia dirishani.

Nikatoka. "Nipisheni, nami nile."

Mikono yote ikasimama. Zuhura akanong'ona, "Mwalimu, tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu."

Nikanawa, nikaketi mkekani. Vicheko havikurudi.

Nyie walimu mlio ugenini kama mimi, mliwezaje kula sinia moja na wanafunzi?

Sahani na kijiko nimeshamrudishia mpishi. Kesho nanawa, nakula na wanafunzi tena.