Maua Meupe ya Bumula

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuhesabu maua ya porini. Watu walinipita nimechuchumaa kando ya njia na daftari, wakanisalimu kwa upole ule wa kumsalimu mgonjwa. Nilikuwa nasomea shahada ya pili. Nisingehesabu vizuri, nisingefuzu, na nyumbani Bumula mama alikuwa ameshawaambia majirani kwamba nitafuzu.

Mmea wenyewe ni gugu tu. Hutambaa juu ya vichaka, na ua lake lina rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati. Mara mojamoja hutokea mmea wenye maua meupe. Swali langu lilikuwa kwa nini hayo meupe hayatoweki, na wala hayazidi. Tulikisia kwamba weupe hurithiwa kwa siri. Mmea wa chungwa unaweza kuubeba maisha yake yote bila kuuonyesha. Mbegu ikiupata kwa baba na kwa mama pia, ndipo unachomoza. Nilimweleza mama haya jikoni, akichagua mbegu za maharagwe na kutupa kando kila punje yenye rangi asiyoitaka. Akasema hata ukoo wa baba yangu uko hivyo, mambo yao hutokea kwa wajukuu.

Nilikuwa na sehemu mbili za kuhesabia. Moja ilikuwa nje kidogo ya Kitale, nilikopanga chumba. Ya pili ilikuwa kichaka kirefu nyuma ya shamba la mama, nilichokichagua kwa sababu za kisayansi na kwa sababu ya chakula. Kitale meupe yalibaki machache vilevile. Bumula yaliongezeka. Msimu uliofuata yakaongezeka tena, hadi kichaka kikaonekana kama kimepambiwa harusi.

Msimamizi wangu chuoni, mtu ambaye sijamsikia akisifu kitu isipokuwa chai, alinipigia simu mwenyewe. Alidhani kuna nyuki wa huko anayependa nyeupe, akaandika kurasa mbili juu ya huyo nyuki. Nilikaa kichakani siku tatu nikimtafuta. Niliona nyuki wengi, wote hawajali rangi. Sikumwambia msimamizi, kwa sababu nilitaka sana nyuki huyo awepo.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kukabidhi tasnifu, nilirudi Bumula kuhesabu mara ya mwisho. Asubuhi nilimkuta mama kichakani na jembe, ameinama, anang'oa mimea ya chungwa na kuirundika kando ili ng'ombe wale. Meupe aliyapalilia vizuri, moja baada ya jingine.

Nilimuuliza ameanza lini kazi hiyo.

"Tangu ule mwaka wa kwanza," akasema. "Si nilikuwa nakuona? Ukipata nyeupe unafurahi. Ukipata hii ingine unaandika tu. Nikasema wacha nisaidie mtoto, shamba haiwezi kuzaa ukiachia magugu."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka miwili yangu ilikuwa pale kwenye rundo, na ng'ombe alikuwa ameshaianza. Kisha nikamwona akijinyoosha, mkono kiunoni, mgongo ule ambao daktari alimkataza kuinama, nikaona haya. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kazi nyingi hivyo bila kuniambia.

"Sasa zimetosha?" akauliza. "Utapita?"

Nilitazama kichaka. Nikamwambia zimetosha, nitapita. Akakung'uta udongo kwenye jembe akaenda kuteka maji ya chai.

Nilipobaki peke yangu nilimwandikia msimamizi aondoe Bumula yote, pamoja na nyuki wake. Maana yake ilikuwa kuanza upya na mwaka mwingine mzima wa kuhesabu, safari hii mahali ambapo mama hafiki. Jumapili hiyo mama alienda mbele kanisani kutoa shukrani kwamba mtoto wake amemaliza masomo. Akaomba nisimame watu wanione, nami nikasimama.