Kiwanja cha Udongo cha Mwalimu Pantaleo

Mavuno ya mwaka 1961 yalikuwa mengi hata vijana wa Ushirombo wakapura mtama wiki tatu mfululizo. Pantaleo Mabula alikuwa na miaka kumi na sita. Walisimama safu mbili wakitazamana, fimbo mikononi. Hawa wakipiga, wale wameinua, na wimbo ukiwaongoza wote. Aliyechelewa alipigwa vidole, kisha akachekwa hadi jioni. Kazi ilipokwisha, padri wa misheni alipigilia pete ya pipa kwenye nguzo kando ya uwanja uleule wa kupuria, uliosakafiwa kwa udongo wa kichuguu na samadi, akawafundisha kutumbukiza mpira. Pantaleo aliupenda mchezo huo papo hapo. Mama yake, Mbuke, aliwaeleza majirani kwamba mwanawe ameshikwa na maradhi mepesi.

Mwaka 1970 alipangiwa kufundisha katika chuo cha ualimu mjini Shinyanga, jirani na mtaa wa Ngokolo. Kiwanja cha mpira wa kikapu hakikuwapo, wala saruji. Mwalimu Pantaleo hakungoja. Aliwachukua wanachuo wakavunja vichuguu, wakakanda udongo, wakasakafia uwanja kama walivyoona kwao. Kilikuwa kiwanja cha kupendeza, ila mpira uliodundishwa pale ulirudi hadi magotini tu, tena kwa uvivu. Wanachuo, wasiojua kiwanja kingine, walidhani ndivyo ulivyo mchezo wenyewe. Walipochoka kuinama, wakazoea kurushiana.

Vyuo vya jirani vilikuja, vikainama, vikashindwa. Kisha mwaka 1974 ikaja kampeni ya kilimo, na mkuu wa chuo, Ndugu Ansgar, mtu mpole aliyeyapenda mahindi kupita kiasi, akasimama katikati ya kiwanja akikipima kwa hatua.

“Ndugu Mabula, hapa patatoa mahindi.”

“Patatoa, Ndugu Mkuu. Na vijana wacheze wapi?”

“Baina ya mistari.” Mkuu akafikiri kidogo. “Haya, mkirudi na kombe la kanda kutoka Mwanza, sipagusi. Mkirudi mikono mitupu, Jumatatu tunalima.”

“Na jembe la kwanza atashika nani?”

“Mimi mwenyewe.”

Kiwanja cha Mwanza kilikuwa cha saruji. Donatus, nahodha wa Shinyanga, aliudundisha mpira kwa nguvu alizozizoea, nao ukampiga kidevuni. Mwenzake aliudundisha ukamruka kichwa. Watazamaji walifurahi sana.

“Nyie wa Shinyanga, huo si ndama,” mmoja aliwaambia. “Mnaukimbiza wa nini?”

Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma, ishirini na moja kwa tisa.

“Mwalimu, mpira wao una wazimu,” alisema Donatus.

“Mpira hauna kosa. Kosa ni langu, niliyewalea juu ya udongo.” Mwalimu Pantaleo aliwaza jinsi Mkuu atakavyolishika jembe lile kwa furaha. “Sasa basi, usiguse chini tena. Nani amewahi kupura mtama?”

Mikono yote iliinuka isipokuwa wa Ignas, mtoto wa karani wa mjini.

“Mimi nimewahi kula ugali wake, Mwalimu.”

“Inatosha. Wewe kaa karibu na kikapu, wenzako watakuletea mpira.”

Wakarudi wamejipanga safu mbili. Huyu alipotupa, yule mikono ilikwisha kuinuka. Na mmoja wao akaanza kuimba wimbo wa kupura, wote wakaupokea. Wapinzani, waliozoea kumpokonya mtu anayedundisha, hawakupata cha kupokonya. Zilipobaki sekunde chache mpira ulimfikia Ignas, akautumbukiza bila haraka. Thelathini na sita kwa thelathini na tano.

Jumatatu Ndugu Ansgar alifika na jembe begani kama alivyoahidi, akapalilia majani pembezoni mwa kiwanja, akaenda zake.

Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata, Mwalimu Pantaleo alichukua kombe la kanda mara saba, akaanzisha na timu ya wanawake. Kila mwaka, kabla ya kusafiri, aliwapeleka wachezaji siku mbili kwenye sakafu ya saruji ya ghala la pamba, wauzoee mpira wenye wazimu. Wanafunzi wake walikwenda kufundisha Segese, Masumbwe na kwingineko, wakisimamisha nguzo popote walipopangiwa.

Tendo lake la mwisho linalojulikana ni la Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1986. Alichezesha pambano la wanachuo wa kike katika kiwanja hicho. Timu ya nahodha Coletha ikashinda kwa pointi nne. Akatia saini karatasi ya matokeo, akamkabidhi Coletha kipyenga, akapanda basi la kwao Ushirombo; tangu siku hiyo habari zake hazijulikani.