Dawa ya Magugu Kwenye Malka

Asubuhi Mbodze alipopuliza dawa ya magugu, udongo ulikuwa mkavu, na nyufa zake zingeweza kumeza mguu hadi kifundo. Kwao Ganze shamba ni la mchanga. Huko mtu hupuliza mvua ikikaribia ili maji yaishushe dawa ardhini. Akafanya vivyo hivyo hapa nje ya Garsen, kwenye udongo mweusi.

Saa nane mvua ikamwagika. Nyufa zilikunywa kidogo tu, udongo ukafura, ukajifunga. Maji yaliyobaki yakateremka yakiwa na povu, yakavuka mpaka wa shamba na kutuama katikati ya malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda mtoni.

Akampigia simu Beryl, muuza dawa za shamba mjini.

"Dada, dawa yako imeteremka na mvua hadi kwenye dimbwi. Inaisha lini?"

"Mama Gona, hiyo inapenda maji, inasafiri nayo. Ikibaki udongoni, vijidudu vinaila polepole, mradi kuna unyevu. Wiki nane, pengine zaidi. Ya kwenye dimbwi siwezi kukuahidi. Mifugo isinywe."

"Na ikinywa?"

Kabla Beryl hajajibu, Mbodze akasikia kengele za mbao za ng'ombe zikikaribia.

Alikumbuka nyumba zilizochomwa hapa Delta kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji ulioanza na ndama mmoja. Nani angeamini kwamba mkulima amemwaga sumu kwenye malka kwa bahati mbaya? Angeweza kujifungia ndani na kukaa kimya. Badala yake alijikuta anakimbia, leso mkononi, akaipeperusha mbele ya ng'ombe sitini wenye kiu.

"Wewe mama, toka!" alifoka mzee Jatani, mwenye ng'ombe. "Leo umekuja kucheza ngoma na ng'ombe yangu?"

"Mzee, wasinywe! Hayo maji yana dawa. Ni mimi nimepuliza."

Jatani akapiga mluzi mara mbili, akalisukuma kundi pembeni kwa fimbo. Lakini ndama mmoja mwekundu alikuwa ameshatumbukiza mdomo. Walimvuta kwa masikio, wote wawili, hadi akatoka.

"Amekunywa ngapi?"

"Sijui, mzee. Mafunda mawili, matatu."

"Atakufa?"

"Sijui."

Jatani akageuka kutazama njia waliyotokea.

"Nani mwingine anajua?"

"Ni wewe tu, na aliyeniuzia dawa."

"Vijana yangu iko nyuma na kundi la pili. Mimi nikisema, watasikia sumu, basi. Hawatangoja neno lingine. Sema wewe, na mdomo yako. Mimi nitasimama hapa."

Ndama alilala chini. Mbodze hakujua kama ni uchovu au ni dawa. Vijana wanne wakatokeza kwenye kona ya malka, fimbo mabegani, wakicheka. Jatani akasogea, akasimama kati ya Mbodze na wao.

Mbodze akafunga leso kiunoni. "Wanangu," alianza, "dimbwi hili lina dawa ya magugu, na ni mimi nimeipuliza."