Nilijikojolea Uwanjani, na Kamba Sikuiachia

Haya, bora niseme mie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Tumbe, maana wao wakisimulia hutia chumvi mpaka chakula hakiliki. Ni kweli. Mie Mize, mama wa watoto wanane, bibi wa wajukuu ambao nikitaka kumwita mmoja huwataja watano kwanza, nilijikojolea mchana kweupe katika uwanja wa skuli, na kipaza sauti kikatangaza. Aibu niliiona, wallahi, sitasema sikuiona. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Sisi wanawake wa Msuka tuna kikundi chetu cha kulima mboga, na wenzetu wa Tumbe wana chao cha kukausha dagaa, na kila mwaka tunakutana kwa michezo: kukuna nazi, kukimbia na yai kwenye kijiko, na mwisho kabisa kuvuta kamba, ambako ndiko heshima iliko, hayo mengine ni ya kupashia moto tu. Miaka yote nanga ya Msuka ni mie. Nanga ni yule mtu wa mwisho, anayezungushiwa kamba kiunoni, ambaye akiondoka yeye wote wameondoka. Na nanga ya Tumbe ni wifi yangu, Bi Riziki, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke kakaa kama kabati (na yeye ananiita mie ubao wa kufulia, kwa hivyo msimwonee huruma).

Sasa mwaka huo mie nilikuwa na siri. Nguvu hazikuwa zile. Mapaja yalisinyaa, dera likawa linaning'inia kama limeanikwa, na nikikaa kwenye mbuzi nikune nazi, kunyanyuka mpaka nishike ukuta. Na la pili, lililo baya zaidi: nikikohoa, tone. Nikipiga chafya, tone. Nikicheka sana, tusiseme. Sikumwambia mtu. Nilijua huo ndio uzee, na uzee hauna dawa, nikawa nakunywa maji kidogo na nakataa mialiko ya maulidi ya mbali nikisingizia magoti.

Siku yenyewe joto lilikuwa kali, nikanywa chai vikombe viwili asubuhi, nikaja nikapewa juisi ya ukwaju pale uwanjani, tamu, baridi, nikaongeza. Haukupita muda mkojo ukabisha hodi. Nikaenda mpaka mlangoni mwa choo cha skuli, nikachungulia. Choo cha kuchutama, safi, kuta laini zimepakwa rangi, pa kushika hapana. Nikajiona nimechutama mle ndani miguu imegoma, naita watu waje kuninyanyua, mie nanga ya Msuka! Nikageuka. Nikajiambia, kamba yenyewe ni dakika mbili tatu, nitajizuia. Basi, uamuzi ndio huo mmoja tu, na yote yaliyofuata yalitoka humo.

Mgeni rasmi akachelewa. Alipofika akahutubia. Alipomaliza akakumbuka jambo, akahutubia tena. Mie kwenye kiti nimekunja miguu, natikisa goti, binti yangu Maryamu ananitazama.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu. Nauwaza ushindi."

Kamba huvutwa mikono mitatu, yaani raundi tatu. Mkono wa kwanza Tumbe wakatuvuta (kichwa changu hakikuwa kwenye kamba, mnajua kilikuwa wapi). Mkono wa pili tukawavuta wao, na pale mwisho nikakohoa, nikahisi tone, na nyuma yake jengine. Mkono wa tatu ndio wa kuamua. Kamba ikakaza kiunoni, ikanibana tumbo pale pale pasipotakiwa kubanwa, tukavuta, wakavuta, hakuna anayesogea, jasho linaingia machoni, na mie nikasikia mlango umefunguka. Si tone. Ulikuja wote, moto, mpaka kwenye visigino, na sare yetu mwaka huo ilikuwa dera la samawati, rangi ambayo ikiroa haimfichii mtu siri.

Mwenye kipaza sauti alikuwa mwalimu mmoja mwenye roho nzuri, na roho yake nzuri ndiyo iliyonimaliza.

"Msuka, Msuka! Pale nyuma pamemwagika maji! Bi Mize, angalia usiteleze! Leteni mchanga, haraka!"

Na kweli, mtu akaja mbio na ndoo ya mchanga, akaumwaga miguuni pangu, uwanja mzima unatazama. Kutoka mwisho wa kule Bi Riziki, asiyeona chochote, akapiga kelele, "Hapana mchanga! Mwacheni ateleze!"

Mikono yangu ilitaka kuachia kamba ikalifiche dera. Nasema kweli, vidole vilianza kulegea. Lakini mbele yangu kulikuwa na wanawake tisa wamenipa kisogo, wameniamini, na nikiachia mie watakwenda kifudifudi vumbini wote. Nikajiambia, Mize, kilichomwagika kimeshamwagika. Nikachimbia visigino kwenye ule mchanga wao, nikalala nyuma, nikaita, "Haya, Msuka!" Wakaja. Tumbe wakaja mmoja mmoja, na Bi Riziki wa mwisho, amekaa chini anaburutwa huku bado anatukana.

Vigelegele vikaanza, halafu vikapungua, kwa sababu macho yalishaanza kuniteremkia. Maryamu akaja mbio, akanifunga kanga kiunoni. "Twende nyumbani, mama." Na pale pale mwalimu anaita nahodha wa Msuka, yaani mie, aje apokee kombe.

"Nitawaambia unaumwa," Maryamu akasema.

Ningeweza kwenda nyumbani. Lakini nilijua nikiondoka nimeinamisha kichwa, sitarudi tena katika uwanja ule wala mahali pengine popote. Nikenda, kanga kiunoni, viatu vinatoa sauti ambayo sitawaelezea, nikapokea kombe, nikamwomba mwalimu kile kipaza sauti chake.

"Asalaam alaykum. Mwalimu, ahsante kwa mchanga. Ila yale maji hayakumwagwa na mtu, yalikuwa yangu. Nimezaa wanane, mapaja yamekwisha, na choo chenu hakina pa kushika. Lakini kamba sikuiachia."

Kikatoka kigelegele kimoja, kirefu, kutoka upande wa Tumbe, na uwanja ukapasuka kwa vigelegele.

Nesi Salma wa kituo chetu cha afya alinifuata kabla sijafika nyumbani. "Bi Mize, nani kakwambia hii haina dawa?" Akanipeleka kituoni, akanipima mkojo na sukari, vyote salama, akaniambia misuli inayobana mkojo ni misuli kama ya mkono, isipotumiwa hulegea, ikifanyishwa kazi hurudi. Bana kama mtu anayezuia mkojo na upepo, hesabu tano, achia, mara kumi, kutwa mara tatu (na si wakati unakojoa, alisisitiza). Nyanyuka kitini bila kushika, mara kumi. Kula samaki, mayai, choroko. Na maji unywe!

Wiki ya pili Bi Riziki akaja kwangu, akafunga mlango mwenyewe.

"Wifi, na mie ni vivyo hivyo. Tangu mtoto wa mwisho."

"Na weye ndiye uliyesema niachwe niteleze?"

"Nilikuwa nimejizuia, wifi! Ningenyamaza nikauwaza, ningemwaga."

Tukacheka, na sote wawili tukakimbilia chooni.

Sasa baada ya alasiri tunakuwa wanawake kumi na moja uani kwangu, wa Msuka na wa Tumbe, tunakaa na kunyanyuka kama tunaosali bila imamu. Skuli wametia chuma cha kushika chooni. Mie kwenye mbuzi nainuka bila ukuta, na usiku nalala moja kwa moja. Sijapona kabisa, chafya kubwa bado naiogopa. Lakini nimeapa: sitajizuia tena kwa kukionea haya choo, na sitaficha tena kitu ambacho nusu ya wanawake wa mtaa wanakificha pamoja nami.

Basi anayetaka kucheka na acheke. Ila mama zangu na dada zangu, kabla hamjaanza, nendeni mkajisaidie kwanza.